Kazi ya kupokea simu na dredi fupi: kisa cha Chastity Jones, Mobile, Alabama

Mwezi wa 5 mwaka 2010 dada mmoja mweusi wa Marekani, Chastity Jones, aliomba kazi mtandaoni kwenye kampuni inaitwa Catastrophe Management Solutions, iko Mobile, Alabama, wanashughulika na madai ya bima. Kazi yenyewe ni huduma kwa wateja lakini ile ya simu tu, mnakaa kwenye chumba kikubwa kila mtu na hedifoni yake, mteja anapiga, unamsikiliza, unajaza taarifa zake kwenye kompyuta, anakata, anapiga mwingine. Hakuna mteja anayeingia pale akakuona usoni. Hilo naomba mlishike maana huko mbele neno "mwonekano" litatajwa sana mpaka mtu asahau kwamba wa kumwona huyu mfanyakazi hayupo, labda bosi wake na wa meza ya jirani.

Tarehe 12 akaitwa kwenye usaili wa ana kwa ana. Akaja kapiga suti ya bluu, nywele dredi fupi. Akahojiwa, akamaliza, hamna aliyegusia nywele. Baadae meneja wa HR akawakusanya yeye na wenzake waliopita akawaambia kazi mmepata, bado vipimo vya maabara na makaratasi ya kujaza. Sasa ratiba ya vipimo ikawa inagongana na mambo ya Jones, akaomba aonane na meneja pembeni wapange siku nyingine, wakaelewana vizuri tu bila shida. Anataka kunyanyuka aondoke ndo anaulizwa, hivi hizo nywele zako ni dredi? Akajibu ndio. Akaambiwa ukiwa na hizo dredi hatuwezi kukuajiri.

Akauliza tatizo nini. Jibu alilopewa liko kwenye kumbukumbu za mahakama, kwa Kiswahili changu ni kama hivi: huwa zinakuwa hovyohovyo, sisemi zako ziko hivyo, ila si unanielewa. Akapigiwa na mfano wa mwombaji mwingine, mwanaume, aliyeambiwa akate zake. Jones akasema mimi sikati. Basi akaambiwa kazi hakuna, rudisha makaratasi tuliyokupa. Akarudisha, akaondoka.

Mi kwenye kisa hiki chote hakuna kitu kinanishangaza kama hiyo "sisemi zako ziko hivyo". Yaani mtu anakukatalia kazi huku anakiri mwenyewe kwamba kosa analolitaja wewe huna. Nywele za Jones zilikuwa safi, fupi, zimetulia, na aliyekuwa anamkataa alikuwa anaziona kwa macho yake pale mezani, lakini alichokihukumu sio kichwa kilichokuwa mbele yake, alihukumu sifa ambayo dredi zimepakwa kwenye mawazo ya watu kabla Jones hajazaliwa. Na lile "si unanielewa" nalo lina yake, maana kweli Jones alielewa, mtu mweusi yeyote wa Marekani angeelewa.

Tukija kwenye sera ya kampuni, kwenye karatasi haina ubaya wowote. Inasema wafanyakazi wote wavae na wajiweke katika hali inayoonyesha taswira ya kikazi na kibiashara, nywele pia ziwe hivyo hivyo, mitindo iliyopitiliza na rangi zisizo za kawaida haikubaliki. Neno dredi halimo. Weusi hawamo. Ndo maana sera za hivi ni ngumu kuzishika, hazimtaji mtu, zinamwachia aliyekaa kwenye kiti cha HR aamue kipi kimepitiliza. Na kupitiliza ni lazima kuwe na kipimo cha kawaida kinachopitilizwa, sasa kawaida ya nani? Kipimo ni nywele iliyolala chini, inayoanguka mabegani, inayochanika kwa kitana kimoja asubuhi na kazi imekwisha. Mwenye nywele hiyo sera haimgusi kabisa mpaka apake rangi ya kijani.

Jones akapeleka malalamiko kwenye tume ya serikali inayoshughulikia usawa kazini, ile EEOC, na mwaka 2013 tume ikaifungulia kampuni kesi kwenye mahakama ya shirikisho huko huko Alabama kwa Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, Sura ya Saba, inayokataza kubagua mtu kazini kwa sababu ya rangi, asili au jinsia yake. Mwaka 2014 jaji akaitupa. Wakakata rufaa kwenye mahakama ya mzunguko wa 11, ile inayosikiliza rufaa za Alabama, Florida na Georgia, na Septemba 2016 majaji watatu nao wakasema hapana, hukumu akaandika jaji Adalberto Jordan. Na muelewe kwamba kesi haikufika hata hatua ya ushahidi, hakuna shahidi aliyepanda kizimbani. Mahakama ilisema hata tukichukulia kila kitu mlichoandika ni kweli tupu, bado hamna kesi.

Kwa nini? Hapa ndo penye utamu wa kisheria, au uchungu, inategemea umekaa upande gani. Mahakama ilitenganisha vitu viwili. Kuna kile ulichozaliwa nacho ambacho huwezi kukibadili, na kuna kile unachojichagulia. Sheria inalinda cha kwanza. Kwa hiyo ukimnyima mtu kazi kwa sababu ya aina ya nywele zake, ule upilipili wenyewe zinavyoota, umevunja sheria. Ukimnyima kwa sababu ya mtindo aliouweka kwenye hizo nywele, hujavunja. Afro inalindwa maana ndo nywele zilivyo, dredi hapana maana ni mtindo. Jaji mwenyewe alikubali kwamba kutenganisha huko wakati mwingine ni kugumu, ila akasema mahakama ndo zimekuwa zikifanya hivyo siku zote na hakuna hata moja iliyowahi kukubali hoja kwamba Sura ya Saba inalinda mitindo ya nywele inayoendana na utamaduni wa watu fulani. Akauliza pia nani atakaa apange kipi ni utamaduni na kipi sio. Swali la mwisho silidharau, ni gumu kweli.

Lakini ile hoja ya kwanza ukiiweka mbele ya msusi yeyote atacheka. Ebu tuangalie nywele zenyewe zinavyofanya kazi. Unywele uliojikunja kwa karibu ukiukata na kuutazama kwa hadubini sio duara, ni kama yai lililobanwa, na unatoka kichwani tayari una mzunguko wake. Mafuta yanayotengenezwa na ngozi ya kichwa kwenye nywele iliyonyooka yanateleza mpaka nchani, kwenye hizi yanakwama njiani kwenye kona, kwa hiyo nchani panakauka, na kila kona ni sehemu nyepesi ya kukatikia. Ukiziachia wazi zinashikana zenyewe, ukizichana kila siku zinakatika. Ndo maana watu wenye nywele hizi tangu zamani wanasuka, wanasokota, wanafunga, sio urembo tu, ni namna ya kuzifanya ziishi. Sasa dredi ni nini? Ni nywele hizo hizo ukiacha kuzichana. Kila siku kichwa cha binadamu kinadondosha nywele kati ya 50 na 100 hivi, wewe mwenye nywele laini zinaishia kwenye kitana, kwenye dredi hazidondoki zinabaki ndani zimeshikana na wenzake, na ndo zinafanya ile kamba iwe imara. Ukizisaidia kwa kusokota na viganja kila baada ya wiki kadhaa zinakaa sawasawa, usipozisaidia zinajifunga zenyewe kwa umbo zinalotaka. EEOC ilijaribu kusema kitu cha karibu na hicho, kwamba dredi zinaendana na watu wa asili ya Afrika kimaumbile na kiutamaduni.

Na kuna jambo naona mahakama ililipita kwa kasi sana. Katika mitindo yote ya nywele za mtu mweusi, mistari, twisti, mabutu, wigi, hakuna ambao haubadiliki kama dredi. Mistari unafumua Jumamosi jioni, Jumatatu uko kazini na kichwa kingine. Wigi unavua. Dredi zikishakomaa hazifumuliki hivyo, kuna watu wanakaa siku nzima na zaidi na sindano na mafuta wakichambua moja moja na bado nusu ya nywele inaondoka, wengi wanaishia kwenye mkasi. Yaani kile kitu mahakama ilichokiita cha kubadilika ndo pekee ambacho kukibadili maana yake ni kukikata chote na kuanza na kichwa kitupu. Na meneja alilijua hilo vizuri, hakumwambia Jones njoo kesho umefumua. Yule mwanaume wa kwenye mfano aliambiwa akate.

Afu hii habari ya "umejichagulia" ina historia yake pale Marekani, na historia hiyo inasema kinyume kabisa. Waliovushwa Atlantiki walitoka sehemu ambazo nywele zilikuwa zinasema, kwa Wawolofu, Wayoruba na wengine ungeweza kumwangalia mtu kichwani ukajua kaolewa au la, wa ukoo gani, yuko msibani, ana cheo. Huko walikofikishwa hakuna muda, hakuna vifaa, hakuna mafuta. Kwenye simulizi za waliowahi kuwa watumwa, zilizokusanywa na serikali miaka ya 1930, kuna kitu kinajirudia mpaka kinauma: wiki nzima nywele zimefungwa na nyuzi au vitambaa chini ya leso, Jumapili ndo zinafunguliwa, na kitana hamna, wanatumia yale mabrashi ya meno ya chuma ya kuchambulia sufu za kondoo. Mabwana wenyewe nywele za watumwa waliziita sufu. Na matangazo ya kutafuta watumwa waliotoroka kwenye magazeti ya karne ya 18 yalikuwa yanaeleza nywele za mtu kwa undani kabisa, zimekatwaje, zimechanwa kupanda juu, zimefungwa nyuma, maana zilikuwa alama ya kumtambulia. Kwa hiyo mtindo wa nywele ambao mahakama ya 2016 inasema sio sehemu ya rangi ya mtu, wamiliki wa watumwa walikuwa wanautumia kumkamatia.

New Orleans walienda mbali zaidi. Mwaka 1786 gavana wa Kihispania wa Louisiana, Esteban Miró, alitoa amri wanawake weusi na machotara walio huru wafunike vichwa kwa kitambaa, kisa wanapendeza mno, wanasuka na kupamba nywele kwa vito mpaka wanashindana na wanawake wa kizungu. Wakavaa vitambaa. Ila wakavaa vya hariri, vya rangi, wakavifunga kwa madaha na kuvichomeka manyoya, amri ikageuka fasheni. Ni stori nzuri na watu wanaipenda kuisimulia, mi pia, ila chini yake kuna sheria ya serikali inayohusu kichwa cha mwanamke mweusi, na hiyo ni miaka 230 kabla ya hukumu ya Jones.

Baada ya utumwa shinikizo likawa la soko na ajira. Madam C.J. Walker, aliyezaliwa Delta, Louisiana mwaka 1867 kwa wazazi waliokuwa watumwa, alikuwa dobi, nywele zinamtoka, na ndo akaishia kujenga biashara kubwa ya dawa za nywele yenye maelfu ya wakala wanawake. Watu wanamlaumu kwamba alifundisha weusi kunyoosha nywele, mi naona ni kumwonea, kitana cha moto hakukivumbua yeye na bidhaa yake kubwa ilikuwa ya kutibu ngozi ya kichwa na kuotesha, lakini ni kweli mfumo mzima ulikuwa unakwenda upande mmoja, nywele ikinyooka ndo mlango wa kazi unafunguka. Kisha zikaja dawa za kurelax zenye alkali kali, zinavunja vifungo vya ndani ya unywele mpaka unalala, na zikikaa dakika kadhaa za ziada zinachoma ngozi mpaka kidonda. Oktoba 2022 watafiti wa taasisi za afya za serikali ya Marekani walitoa matokeo ya wanawake 33,497 waliofuatiliwa karibu miaka 11, na waliotumia dawa za kunyoosha zaidi ya mara 4 kwa mwaka walionekana kuwa na hatari ya saratani ya mfuko wa uzazi zaidi ya mara mbili ya wasiotumia. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba dawa ndo imesababisha, ila ukimwambia mtu "nywele zako ni kitu cha kubadilika, badilisha upate kazi", hiyo ndo njia unayomwelekeza.

Kwa hiyo afro ilipokuja miaka ya 1960 haikuwa mtu kasahau kwenda saluni. Januari 1962 pale Harlem, mtaa wa weusi New York, kulifanyika onyesho la mavazi ambalo modo wote, wale Grandassa Models, walipanda jukwaani na nywele zao za asili, na hiyo ilikuwa ni kama tusi kwa majarida ya wakati ule. Ilipofika 1970 FBI ilitoa bango la kumtafuta mwanaharakati mweusi Angela Davis na afro yake, na nywele ile ikawa peke yake inatosha kumfanya mwanamke mweusi aonekane mtu wa fujo. Kumbukeni hii ndo nywele ambayo mahakama sasa inasema inalindwa kwa sababu ni ya asili, haina maana ya ziada. Mwaka 1976 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa 7 kweli iliruhusu kesi ya mwanamke aliyesema bosi wake alimwambia hawezi kuiwakilisha kampuni na afro ile, na kuanzia hapo afro ikawa ndo mpaka: mpaka hapo tunakulinda, ukisuka shauri yako.

Aliyegonga huo mpaka mapema ni Renee Rogers, mfanyakazi mweusi wa shirika la ndege la American Airlines aliyekuwa na mistari. 1981, New York, jaji Abraham Sofaer akamkatalia. Hukumu ile ina sehemu mbili mi huwa zinaniacha hoi. Moja, jaji aligusia kwamba Rogers alianza kuvaa mistari baada ya mistari kupata umaarufu kupitia mwigizaji mzungu, Bo Derek, kwenye filamu ya 1979. Mwigizaji mweusi Cicely Tyson alishaonekana na mistari hadharani toka miaka ya 1970 mwanzoni, na mistari yenyewe ina umri wa maelfu ya miaka, ila kilichohesabika mahakamani ni mwaka ambao mzungu aliivaa kwenye sinema. Pili, kampuni ilikuwa tayari kumruhusu aibane mistari yake juu na kuizungushia nywele ya bandia akiwa kazini. Akasema ile ya bandia inanipa maumivu makali ya kichwa. Jaji akajibu basi inaelekea inatakiwa kubwa zaidi. Kweli kabisa, ndivyo alivyoandika. Na hukumu hiyo ndo mojawapo ya nguzo walizoegemea miaka 35 baadae dhidi ya Jones.

Kuna majaji walioona haya. EEOC iliomba majaji wote wa mzunguko wa 11 wakae upya, Desemba 2017 wakakataa, ila watatu wakapinga, wakiongozwa na jaji Beverly Martin. Hoja yake kubwa naiona kali. Alirudi kwenye kesi ya Ann Hopkins dhidi ya kampuni ya uhasibu Price Waterhouse, Mahakama ya Juu 1989. Hopkins alinyimwa kuwa mshirika, yaani mmoja wa wenye kampuni, akashauriwa atembee kike, aongee kike, avae kike, apake vipodozi, atengeneze nywele, avae vito. Vyote hivyo ni vya kubadilika, angeweza kwenda saluni mchana huo huo, na bado Mahakama ya Juu ilisema kumpima mtu kwa picha uliyonayo kichwani kuhusu jinsia yake ni ubaguzi wa jinsia. Sasa kama kumwambia Hopkins katengeneze nywele kunaweza kuwa ushahidi wa ubaguzi wa jinsia, kumwambia Jones "huwa zinakuwa hovyohovyo, sisemi zako" kunakosaje kuwa ushahidi wa ubaguzi wa rangi? Sijaona jibu la kuniridhisha upande wa walio wengi.

Ila tuseme na upande wa pili, EEOC nayo ilijifunga. Sura ya Saba ina njia mbili. Ya kwanza unathibitisha mwajiri alikusudia kubagua. Ya pili hujali alikusudia nini, unaonyesha kwamba sheria yake inayoonekana haina upendeleo kwa vitendo inaumiza kundi moja kuliko mengine, na kampuni ndo inabaki na kazi ya kueleza kwa nini inaihitaji. EEOC ikaifunga kesi kwenye ile ya kwanza peke yake, halafu ndani ya maelezo yake ikawa inachanganya hoja za ya pili, na jaji Jordan akawaambia wazi mnachanganya. Kwa mtazamo wangu ile ya pili ndo ilikuwa imekaa, ungewauliza tu: kwenye chumba cha simu ambacho mteja haoni mtu, dredi fupi zinaharibu nini? Kampuni ingehangaika sana kujibu. Swali hilo halikuwahi kuulizwa rasmi.

EEOC haikwenda mbele zaidi. Mfuko wa utetezi wa kisheria wa NAACP, wanaotetea haki za weusi mahakamani, ukajaribu kuingia kwa niaba ya Jones ili kesi ifike Mahakama ya Juu, Mei 2018 Mahakama ya Juu ikakataa ombi lao, na habari ya Jones kisheria ikaishia hapo, miaka 8 toka siku ya suti ya bluu. Cha kuchekesha, kama kinachekesha, jeshi la nchi kavu la Marekani, hao wanaopima mpaka urefu wa soksi, lilikuwa limeruhusu askari wa kike kuvaa dredi tangu Januari 2017, baada ya kelele za 2014 pale kanuni zilipozipiga marufuku na kuziita kwa maneno ya kuonyesha ni chafu zilizoshikana, lugha ambayo jeshi lililazimika kuifuta mwaka huo huo. Yaani ungeweza kushika bunduki na dredi zako ila simu ya bima Mobile hapana. Na Mobile yenyewe sio mji wa hivi hivi, ni pale kwenye ghuba yake meli ya Clotilda iliposhusha watu waliotekwa kutoka Dahomey (Benin ya leo) mwaka 1860 kinyume cha sheria, na vizazi vyao bado wako Africatown kaskazini mwa mji.

Kilichofuata kikapitia mabunge ya majimbo. California ilikuwa ya kwanza, sheria inaitwa CROWN, mwaka 2019, iliyopelekwa na seneta wa jimbo Holly Mitchell ambaye mwenyewe ana dredi, ikasainiwa tarehe 3 Julai. Haikuhangaika na habari ya kuzaliwa nacho au kujichagulia, ilisema tu kwamba rangi ya mtu ndani ya sheria inahusisha na aina ya nywele zake na mitindo ya kuzilinda kama suko, dredi na twisti. New York na New Jersey wakafuata mwaka huo huo, na majimbo mengine mengi baadae. Mimi nadhani maneno "mitindo ya kulinda" ni akili kubwa, maana yameingiza kwenye sheria ile habari ya nywele kukauka na kukatika ambayo kwenye kesi ya Jones haikupata nafasi.

Lakini mwajiri au shule ikitaka njia itaitafuta. Texas ilipitisha sheria yake ikaanza Septemba 2023, na wakati huo huo mwanafunzi mmoja mweusi pale Mont Belvieu alikuwa ameshatolewa darasani kwa dredi zake alizozifunga juu ya kichwa, hazishuki popote, ila shule inasema zikiachiwa zingeshuka chini ya nyusi na ndewe za masikio. Februari 2024 jaji wa jimbo akaamua sheria inalinda mtindo, urefu haijautaja, shule iko sawa. Dredi ruksa basi, ila fupi, na ukiangalia vizuri maana yake ni kwamba ukae na mkasi. Kwa ngazi ya taifa Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa CROWN Machi 2022, Seneti haikuupitisha, kwa hiyo kwa sheria ya shirikisho ndani ya mzunguko wa 11 mwajiri akipelekwa mahakamani kesho kwa kisa kama cha Jones, hukumu anayokwenda nayo mkononi bado ni ile ya 2016.